Jenerali aliyezikwa bila jeneza, na misiba yetu ya Singida

Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024, mchana, helikopta ya jeshi la Kenya ilianguka eneo la Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa kutoka shule ya sekondari ya wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Ndani yake walikuwamo watu 12. Kumi walifariki, akiwemo Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Omondi Ogolla. Jumapili ya tarehe 21 Aprili alikuwa tayari ameshazikwa kwao Alego, kaunti ya Siaya. Hakuwekwa kwenye jeneza. Alivikwa sanda, akateremshwa kaburini kwa heshima zote za kijeshi, na watu wakarudi makwao.

Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Familia yake ilieleza kwamba aliacha maagizo: nikifa nizikwe haraka, isizidi saa 72, na msininunulie jeneza. Fikiria, mtu aliyekuwa na cheo cha juu kuliko wote jeshini, ambaye serikali ingeweza kumfanyia msiba wa wiki mbili na jeneza la bei ya kiwanja, anasema hapana, sitaki.

Ndugu msomaji, sisi tunaotoka Singida, na naamini hata wewe wa Kagera, Mbeya au Kilimanjaro, tuna jambo la kujifunza kwa rubani huyu. Msimamo wangu nausema mapema ili ukitaka kubishana ujue unabishana na nini. Mwenye haki ya kwanza ya kupanga msiba ni marehemu, na apange akiwa hai. Na jukumu la kwanza la sisi tunaobaki ni kuwalinda wale aliowaacha. Kuwaridhisha waombolezaji kunakuja baadaye. Misiba yetu ya siku hizi imegeuza mambo hayo juu chini.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe, maana kumkumbuka mtu kwa namna alivyozikwa tu ni kumpunja.

Ogolla alizaliwa tarehe 8 Februari 1962. Alijiunga na jeshi tarehe 24 Aprili 1984, na mwaka uliofuata akapata kamisheni ya luteni usu, akapelekwa jeshi la anga. Tazama hiyo tarehe vizuri. Miaka miwili tu kabla yake, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Jaribio likashindwa, jeshi lile likavunjwa na kuundwa upya, hata jina likabadilishwa. Kijana wa Siaya aliyevaa sare ya anga mwaka 1984 aliingia kwenye kazi iliyokuwa ikitazamwa kwa jicho la shaka. Kuaminiwa ilibidi kutafutwe kwa kazi, siku baada ya siku.

Akasomea urubani wa ndege za kivita Marekani, akarudi kuwa rubani mkufunzi. Hapo kwenye mkufunzi ndipo mimi kama mwanafunzi wa ualimu ninapokaa vizuri kwenye kiti. Rubani mkufunzi ni mwalimu ambaye mwanafunzi wake akikosea, wote wawili wanaweza kufa. Sisi mwanafunzi akikosea tunaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu na maisha yanaendelea. Wasifu wake unaonyesha pia kwamba alipitia mafunzo ya kuchambua picha za kijasusi, ya kupambana na ugaidi, na ya uchunguzi wa ajali. Yaani alikuwa mtu wa kurusha ndege na pia mtu wa kuuliza kwa nini chombo kilianguka. Alisoma pia darasani kama sisi: stashahada ya Chuo Kikuu cha Egerton, kisha shahada ya sayansi ya siasa pamoja na masomo ya migogoro na amani, Chuo Kikuu cha Nairobi, daraja la kwanza. Wale mnaosema kazi na shule haviendi pamoja, mjitafakari.

Julai 2018 akawa Kamanda wa Jeshi la Anga. Julai 2021 akawa Naibu Mkuu wa Majeshi. Aprili 2023 Rais William Ruto akampa kiti chenyewe. Katikati hapo jina lake halikupita bila doa la siasa: kwenye mvutano wa matokeo ya urais wa Agosti 2022, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alimtaja kwenye hati ya kiapo kama mmoja wa maofisa waliomfuata ukumbini Bomas kumshinikiza kuhusu matokeo. Rais aliyetangazwa mshindi ndiye huyo huyo aliyempandisha cheo baadaye. Nalitaja hili kwa makusudi. Kumbukumbu ya mtu isifanywe kama chumba cha wageni ambako vitu vibovu vinafichwa chini ya kitanda. Tukiwakumbuka watu kwa ukamilifu wao, tutawaheshimu zaidi.

Alikufa zikiwa zimebaki siku sita tu atimize miaka 40 jeshini.

Sasa swali: alikuwa anafanya nini Cheptulel? Hili ndilo lililonifanya niandike kwenye gazeti la wanafunzi badala ya kubishana nalo kantini. Bonde la Ufa kaskazini limesumbuliwa miaka mingi na ujambazi wa mifugo wenye bunduki. Shule zilifungwa, walimu wakakimbia, watoto wakabaki nyumbani. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ikapeleka jeshi kusaidia polisi kwenye kilichoitwa Operesheni Maliza Uhalifu, na mojawapo ya kazi za wanajeshi ikawa kukarabati shule zilizoharibika ili watoto warudi darasani. Siku ile Jenerali alitoka Nairobi kwenda kuwatembelea askari wake na kukagua ukarabati wa shule hizo. Chombo chake kilipaa kutoka uwanja wa shule na hakikufika mbali.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ya rubani huyu wa kivita ilikuwa kukagua madarasa. Mtu kama huyu unamkumbuka vipi? Kwa jeneza la mninga lenye vishikio vya dhahabu, au kwa kuhakikisha yale madarasa yanaisha na watoto wanasoma? Naona kama swali hilo alilijibu mwenyewe kabla hatujamuuliza.

Wapo watakaosema: yule alikuwa jenerali, serikali ilimgharamia, sisi wa Mkalama na Ikungi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Na nitakwambia kwa nini.

Mwaka juzi baba yangu mdogo alifariki Dar es Salaam. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Kutoka Dar mpaka Singida mjini ni karibu kilomita 700, na kutoka hapo kwenda kijijini kwetu Mkalama bado kuna safari. Kikao cha kwanza cha familia kilikaa usiku ule ule. Kamati ikaundwa: mwenyekiti, katibu, mtunza hazina. Ndani ya saa moja kuna grupu la WhatsApp lenye picha ya marehemu na namba ya kutuma michango. Mpaka hapo hakuna ubaya. Watu walijitoa kweli, na Mungu awabariki.

Kisha bajeti ikasomwa. Gari maalumu la kubeba mwili. Basi dogo la waombolezaji. Jeneza, na hapo mjomba mmoja akasimama kusema jeneza la bei ya chini litatuaibisha ukweni. Fulana zenye picha ya marehemu. Turubai, viti, spika, jenereta, mpiga video. Ng'ombe wa kuchinja siku ya mazishi, na wengine wa siku ya kuondoa matanga. Siku tano mwili ulikaa hospitali ukisubiri watu na bajeti. Michango ilipoisha, kilichobaki kikakopwa. Turubai na viti vikachukuliwa kwa ahadi. Ng'ombe wawili wa mama mdogo, wale wale waliokuwa wametengwa kwa ajili ya mtoto, wakachinjwa "ili watu wasirudi na njaa".

Mtoto mwenyewe, mdogo wangu, alikuwa ametoka kupangiwa Kidato cha Tano. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ilifutwa mwaka 2022, ni kweli, tunashukuru. Lakini shule ya bweni bado inataka godoro, sare, madaftari, sanduku, na nauli ya kufika huko. Yule binti alichelewa kuripoti kwa mwezi mzima. Wenzake walikuwa mada ya pili ya Kemia yeye yuko kijijini anamsaidia mama yake kuhesabu wanaodai: wa turubai, wa mchele, wa jenereta. Zile fulana zenye picha ya baba yake zilikuwa zimeshaanza kuvaliwa shambani kupalilia alizeti.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Kila aliyesimama kwenye kikao kile alisimama kwa upendo. Ndiyo shida yenyewe: hakuna mtu mbaya kwenye msiba, lakini mwisho wa siku mjane ana deni. Na hakuna aliyeweza kusema "marehemu alitaka hivi", maana marehemu hakuwahi kusema. Pale ambapo marehemu hakusema, anayesema ni mwenye sauti kubwa.

Na hapa historia ya Siaya yenyewe inatufundisha. Alego hiyo hiyo alikozikwa Ogolla kwa siku tatu, ndiko alikozikwa wakili maarufu S. M. Otieno mwaka 1987. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka amzike kwenye shamba lao nje ya Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo anazikwa kwao. Kila upande ulileta mashahidi kueleza marehemu alitaka nini. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na mwili ukazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Hesabu mwenyewe: siku 154. Mwanasheria, mtu aliyeishi kwa kuandikia wengine nyaraka, mwili wake ukakaa miezi mitano kwa sababu watu walibishana alisema nini. Kati ya msiba ule na huu wa Jenerali, tofauti kubwa naiona kwenye maagizo yaliyo wazi, na familia iliyokuwa na msimamo wa kuyatii.

Wengine wanadhani kuzikwa haraka ni kukosa heshima. Hebu tuangalie hapa nyumbani. Februari 2024 tulimpoteza Waziri Mkuu mstaafu Edward Lowassa. Alifariki tarehe 10, akazikwa Monduli tarehe 17, siku saba. Mwezi huo huo, tarehe 29, akafariki Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, na tarehe 2 Machi alikuwa ameshazikwa Mangapwani, Unguja. Siku mbili. Kuna Mtanzania anayeweza kusema Mzee Ruksa hakuheshimiwa? Hakuna. Taifa lilisimama, viongozi wakafika, dua zikasomwa, na kazi ikaisha.

Kwa Waislamu hili la sanda na kuzika mapema si jambo geni hata kidogo. Singida mjini, Kondoa kwa jirani zetu, asubuhi mtu anafariki na alasiri watu wanarudi kutoka makaburini. Tumeishi nao, tumewazika, tumekula nao ubwabwa wa msiba. Hatujawahi kusema hawawapendi ndugu zao. Jenerali Ogolla alikuwa Mkristo, tena Mjaluo, jamii ambayo misiba yake inajulikana kwa ukubwa na urefu. Ndiyo maana uamuzi wake uliwashtua wengi. Alionyesha kwamba Mkristo naye anaweza kwenda kaburini na sanda tu na mbingu zisianguke.

Na hakubaki peke yake. Tarehe 15 Oktoba 2025, Raila Odinga, mhandisi wa mitambo aliyesomea Magdeburg, Ujerumani, kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Kenya, alifariki akiwa India. Naye alikuwa ameagiza azikwe ndani ya saa 72. Jumapili ya tarehe 19 akazikwa kwao Bondo. Rubani na mhandisi, wote wawili wana wa Siaya, wote wangeweza kufanyiwa sherehe ya mwezi mzima, wote wakaagiza yaishe mapema.

Lakini lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Mazishi ya Raila yalikuwa na majonzi ya ziada: uwanja wa Kasarani ulifurika watu waliotaka kumwona, polisi wakafyatua risasi, na watu wakapoteza maisha. Wapo waliosema haraka ndiyo iliyoleta msongamano. Sikubaliani nao moja kwa moja. Sisi wenyewe Machi 2021, kwenye kumuaga Rais John Magufuli uwanja wa Uhuru Dar es Salaam, watu 45 walifariki kwa kukanyagana, kwa takwimu za polisi, na msiba ule ulichukua siku tisa. Msongamano unaletwa na mipango mibovu, uwe msiba wa siku tatu au wa siku kumi. Hata hivyo hoja yenyewe ina uzito: watu wana haki ya kuaga. Kuzika haraka kusiwe kisingizio cha kuwafungia mlango wanaoomboleza.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi, na bibi yangu ndiye aliyenipa. Nilipomweleza habari za Jenerali alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjukuu wangu, msiba si kwa ajili ya maiti. Msiba ni kwa ajili ya mfiwa asilale peke yake." Hapo bibi alinikamata. Ni kweli. Akina mama wanaokuja na unga na kuni, vijana wanaochimba kaburi bila malipo, majirani wanaolala chini kwenye mkeka wiki nzima: huo ndio utajiri wetu, na nitakuwa wa mwisho kutaka uishe. Usiku wa tatu wa msiba ndio mgumu kuliko wa kwanza, waliofiwa wanajua.

Ila tuangalie vizuri. Alichokisema bibi hakina jeneza la bei mbaya ndani yake. Hakina fulana, hakina mpiga video, hakina jenereta. Mkeka ni bure. Kukaa na mfiwa ni bure. Unga wa majirani unaingia ndani ya nyumba, hautoki. Vinavyoifilisi familia ni hivi vya juu juu tulivyoongeza majuzi, kisha tukavibatiza jina la mila. Babu zetu Wanyiramba na Wanyaturu hawakuwa na MC wa msiba. Mzike mapema, kisha kaa na mjane hata mwezi. Hapo bibi na Jenerali wanakubaliana kabisa.

Wapo pia wanaosema, ndugu wako mbali, wasubiriwe. Sawa, mtoto aliye masomoni China asubiriwe siku mbili tatu kama inawezekana. Na kama kifo kina utata, vyombo vya sheria vifanye uchunguzi kwanza, hata kama ni wiki. Sijaja na saa ya kupima watu hapa. Ninachopinga ni mwili kusubiri bajeti ya jeneza.

Sasa sisi wanachuo tunaingiaje? Tunaingia kwa mlango wa mbele. Kila muhula magrupu yetu ya madarasa yanapitisha mchango wa msiba angalau mmoja. Mwenzetu amefiwa na mzazi, tunachanga elfu mbili mbili, wengine kwenye bumu ambalo lenyewe linakata kabla ya mwezi kuisha. Tunachagua wawakilishi, wanapanda basi, wanakabidhi rambirambi, wanapiga picha, wanarudi. Je, tumewahi kuuliza ile hela imefanya nini? Mara nyingi imeingia kwenye jungu kuu la kamati na kugeuka soda. Wakati huo mwenzetu akirudi chuoni ana deni la pango na hajui muhula ujao atasomaje.

Napendekeza mambo matatu, na serikali ya wanafunzi inaweza kuyajadili hata kikao kijacho.

La kwanza, rambirambi za darasa tuzigawe mara mbili. Nusu iende msibani, maana kufika mikono mitupu si utu. Nusu ibaki kwa mfiwa mwenyewe, apewe akirudi chuoni, ya kula, pango na kuchapisha kazi zake. Watu watanung'unika mwanzoni. Baada ya mara mbili tatu watazoea.

La pili, kila mmoja wetu aandike karatasi moja. Najua, mtu wa miaka 22 kuandika habari za mazishi yake inasikika kama uchuro. Mama yangu nilipomwambia alitaka kunipeleka kwa mchungaji. Lakini waliokuwa kwenye ile helikopta hawakuamka siku hiyo wakijua. Tunapanda mabasi ya usiku kila likizo. Karatasi yenyewe haihitaji wakili kuanza nayo: nizikwe wapi, ndani ya siku ngapi, nisinunuliwe nini, na kilichobaki kimsaidie nani. Msomee mzazi mmoja na ndugu mmoja kwa sauti, ili isiwe kama ya Otieno, kila mtu ana ushahidi wake.

La tatu ni letu sisi wa ualimu. Kwenye misiba yetu wasifu wa marehemu unasomwa hivi: alizaliwa mwaka fulani, alipata elimu ya msingi, alijaliwa watoto kadhaa, aliugua, akafariki. Umemaliza. Kazi yake iko wapi? Baba yangu mdogo alichomelea mageti na madirisha ya shule mbili za kata ninazozijua. Hakuna aliyelisema neno hilo kaburini. Fulana tulichapisha, lakini jambo alilolifanya hatukulitaja. Tukienda kufundisha tuwape watoto zoezi: nenda kamuulize mtu mzima mmoja kijijini kwako, amefanya kazi gani, ameifanyaje, andika ukurasa mmoja, leta. Tutapata kumbukumbu za watu wakiwa hai, na watajua kwamba tunawathamini. Kwa mpangilio huo huo tungewakumbuka pia wale askari tisa waliokufa pamoja na Jenerali, ambao wengi wetu hatuwezi kumtaja hata mmoja. Chombo kilikuwa kimoja na safari ilikuwa moja, ila vyeo vilitofautiana.

Mdogo wangu sasa yuko Kidato cha Sita, mchepuo wa sayansi. Alifidia ule mwezi kwa kunakili madaftari ya wenzake usiku. Mama mdogo alimaliza kulipa deni la turubai msimu wa alizeti uliofuata. Juzi nilimpigia simu kumwambia naandika makala hii, nikamwomba ruhusa ya kueleza ya msiba ule. Akaniruhusu, kisha akaniagiza niongeze jambo moja. Akasema yeye ameshawaambia watoto wake: sanda, siku mbili, na ng'ombe abaki zizini.